Ngatia Alivyouwamba Mpira wa Bwawa

Mume wangu Ngatia hakuweza kuvumilia kitu kilicholegea. Kamba ya kuanikia nguo ikilala kidogo, anaifungua na kuifunga upya. Shuka la kitanda likiwa na mkunjo, hapati usingizi. Ananiambia nishike upande huu yeye avute ule, na mimi nimelima tangu asubuhi, mgongo unaniuma. Watu wa Mweiga walimcheka kwa tabia hiyo, na mimi nilimcheka kuwashinda wote, lakini nilijua alikoitoa. Aliwamba ngozi miaka yote ya nguvu zake.

Banda la ngozi lilikuwa nyuma ya kichinjio, mahali ambapo mgeni hapiti bila kuziba pua. Ngatia aliingia pale akiwa kijana, kabla ya Uhuru, wakati banda lilikuwa la Mzungu. Mzungu akaenda zake, banda likachukuliwa na wenyeji, Ngatia akabaki na fremu zake. Ngozi mbichi ya ng'ombe ni nzito, inateleza, na kila ukiigeuza inataka kujikunja. Kazi yake ilikuwa kuitoboa pembeni, kuifunga kamba kwenye fremu ya mbao pande zote, kisha kuvuta, na kuvuta tena, mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Mkunjo ukibaki, funza wanaanzia hapo hapo, na ngozi nzima inashushwa daraja. Akiona mkunjo kwenye kazi ya mwenzake, alikuwa anauliza kwa upole kama huyo mwenzake ameshikwa na malaria.

Kifua kilipoanza kumsumbua kwa ule uvundo na ile chumvi ya kuhifadhia ngozi, alirudi nyumbani tukawa tunakaa wote. Hapo ndipo nilipomjua vizuri. Mtu anayeondoka asubuhi na kurudi jioni humjui, unamlisha tu.

Tulikuwa na mjukuu mmoja, msichana wa miaka mitatu hivi. Mamake ni binti yetu Watiri, aliyekuwa akifua nguo katika hoteli moja Nanyuki. Watiri hakuwa na mume. Kwa kuwa hapakuwa na nyanya upande wa baba wa kumpa mtoto jina, alipewa langu, Wachuka. Kwetu mtoto akibeba jina lako ni kama wewe mwenyewe umerudi kuwa mdogo. Ngatia alimtania kila siku, akimwita bibi yake mpya, akimuuliza ni lini ataanza kumpikia maana yule mzee amechoka. Yule mzee ni mimi. Lakini mimi pale bomani hakuna aliyeniita Wachuka. Nilikuwa Mama Watiri, au shosho, yaani nyanya. Ukisikia Wachuka, ujue mtoto ndiye anayeitwa.

Basi ukaja mwaka wa themanini na nne, ule wa mahindi ya manjano ya msaada. Mvua za Machi na Aprili zilikataa. Mfereji uliotuletea maji kutoka mtoni ulikauka ukawa njia ya kuku. Nilikuwa nashuka mtoni na debe mgongoni, narudi na nusu, na ng'ombe wetu wawili wananitazama kama mimi ndiye niliyezifunga mbingu. Kabichi zangu zilikufa zikiwa ndogo.

Yakubu ndiye aliyeleta ule mpira. Alikuwa mtu wa Majengo, Nyeri mjini, Mwislamu mpole, akitunza bustani katika hoteli ya watalii kule karibu na msitu. Walijuana na Ngatia tangu zamani, maana babake alikuwa akileta ngozi za mbuzi bandani. Hoteli ilikuwa imetengeneza kibwawa cha maua na samaki kwa ajili ya wageni kutazama, na chini yake wakalaza karatasi kubwa ya mpira mweusi ili maji yasinywewe na udongo. Kipande kikubwa kilibaki. Yakubu akaomba, akapewa, akamkumbuka rafiki yake.

Alikishusha uani kwetu kimekunjwa kama blanketi la jitu. Ngatia akachuchumaa, akakishika ukingo, akakisugua kati ya vidole, akakivuta kidogo. Uso wake ulibadilika.

"Hii ni ngozi," alisema. "Ng'ombe wake alikuwa mkubwa aje?"

Tulicheka sote, hata mimi. Ngatia alipoanza kuchimba shimo la kuhifadhia maji ya mvua, kicheko changu kilikwisha. Kwetu shimo la kwenda chini kiasi kile linachimbwa bomani kwa mambo mawili, choo au kaburi, na choo tulikuwa nacho. Nilimwambia Ngatia hivyo. Akaniambia mimi ni mwoga, naogopa hata maji ya karai. Kweli naogopa maji. Nimekulia kilimani, sijui kuogelea, na yeye pia hakujua, na hakuna mtu wa rika letu aliyejua. Mto kwetu ni wa kuteka na kuvuka, si wa kuingia.

Shimo lilikuwa kwenye mteremko, upande wa chini wa nyumba, mahali ambapo maji ya paa yangeweza kufikishwa kwa bomba la bati. Lilipofika kina cha kumfunika Ngatia kichwa, Yakubu alikuja siku yake ya mapumziko kutuonyesha kazi. Alizunguka akilitazama.

"Mzee, kuta zisisimame wima namna hii," alisema. "Zilaze kidogo kwa nje. Na upande huu acha ngazi, pawe na mahali pa mguu."

"Ngazi itakula maji yangu," Ngatia akamjibu. "Mimi niko na ng'ombe mbili, na mama hapa anataka kabichi. Ngazi ni ya nini? Ati nitakuwa naoga?"

"Haya. Lakini toa mawe yote na mizizi, utie magunia ya zamani chini, mpira usitoboke. Halafu mpira hauwambwi, mzee. Unatandikwa tu. Uache ulegee, ujikunje kwenye pembe. Maji yakiingia pole pole yatausukuma yenyewe mpaka ulale kwenye udongo. Ukiuvuta, utabaki juu ya hewa."

"Nimesikia."

"Mikunjo iache. Mikunjo ya mpira haina neno."

"Yakubu, nimesikia."

Alisikia kweli, hilo sitamnyima. Mawe aliyatoa moja moja, mizizi akaikata kwa kisu, magunia akayalaza mpaka chini pakawa laini kama kitanda cha mgonjwa. Mpira akauanika juani kwanza ili ulainike. Jirani yetu Kahiga na mkewe Ngendo wakaja kutusaidia kuubeba, mtu kila pembe, tumevua viatu. Tukaushusha ukaingia shimoni umelegea, umejikunja pembeni, na maskini Ngatia akasimama ukingoni akiutazama. Nilimwona vile vidole vinavyocheza.

"Hapana," alisema. "Siwezi kuacha kazi ikae hivi. Watu watapita hapa."

Akaingia nyumbani akatoka na nyundo, vigingi na kamba zake za bandani. Alitoboa ukingo wa mpira pande zote, akapigilia vigingi, akaanza kuvuta. Kahiga alimkumbusha maneno ya Yakubu. Ngatia akamwambia Yakubu ni mtu wa maua. Alivuta mpaka jua likaelekea milimani, upande huu, halafu ule wa pili, akirudi kila mara kukaza alipoanzia. Alipomaliza hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Kuta zilikuwa zinang'aa kama sufuria mpya, na ukizigonga zinalia. Watu wakaja kutazama. Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi naye bandani alisimama pale akatikisa kichwa kwa sifa, na Ngatia akajifanya anatafuta kitu chini asionekane amefurahi. Sikumwona na furaha kama ile tangu aache kazi.

Yakubu aliporudi hakusifu. Aliusukuma mpira kwa kiganja, kwenye pembe, nao ukabonyea ukarudi. Palikuwa na hewa nyuma yake.

"Umewamba, mzee."

"Maji yatakuja yausukume. Si umesema maji yanasukuma?"

Yakubu hakubishana. Aliaga, nami nikamsindikiza mpaka langoni, na hapo akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mtu akiingia humu kukiwa na maji, hakuna pa kushika. Ni kama kupanda chupa. Huyo mtoto asisogee hapa."

Maneno hayo yaliniingia na hayakutoka. Nilikuwa nakoroga uji, nayasikia. Nikikamua ng'ombe, nayasikia. Shimo lilikuwa bado kavu, anga halina hata wingu, nami tayari nilikuwa nimeshamwona mtoto ndani yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Nilimwomba Ngatia ajenge ua. Akasema atajenga, nguzo zinatafutwa, kwanza tupande viazi. Akakata matawi ya miiba akayazungusha. Miiba ile mbuzi wa Kahiga waliifanya chakula cha mchana.

Mvua ilikuja Oktoba. Ilikuja kwa fujo, kama mtu aliyechelewa. Paa lilimwaga, bomba likamwaga, na bwawa likajaa mpaka karibu na ukingo. Sitaki kudanganya, lilikuwa jambo zuri. Ng'ombe walikunywa nyumbani. Nilipanda kabichi na sukuma wiki, na debe langu likatundikwa ukutani. Wanawake wa kule juu walikuja kuomba maji nami nikawapa kwa maringo kidogo. Lakini nilikuwa nateka kwa ndoo yenye kamba ndefu, nimesimama mbali.

Mtoto nilimfundisha mambo mawili. La kwanza, nikiita "Wachuka!" popote alipo aitike "Shosho!" mara moja. La pili, nikimwona karibu na yale maji nitamchapa mpaka asahau jina lake. Nilimwonyesha na fimbo yenyewe. Basi kutwa nzima boma letu lilikuwa hivyo. Nikiwa jikoni, naita, anaitika. Nikienda kwenye ng'ombe, naita, anaitika. Asipoitika mara moja naacha kazi namkimbilia.

"Utalimaliza hilo jina," Ngatia alinitania. "Na ni lako pia. Utaitwaje likiisha?"

"Wewe jenga ua," nikamwambia.

Asubuhi ile nilipeleka maziwa kwenye kituo cha maziwa kama kawaida, nikamwacha mtoto na guka, babu yake. Ngatia alikuwa anasafisha zizi. Nilirudi na mkebe mtupu kichwani. Nilipofika kwenye mti wa mparachichi wa Kahiga nikasikia mtu akiita kwa sauti kubwa, "Wachuka! Wachuka!" Ilikuwa sauti ya mume wangu. Na kwa sababu sauti ilikuwa na kitu ndani yake ambacho sikuwahi kukisikia, nilidhani ni mimi ninayeitwa. Niliitika. Nikasema, "Nakuja, Baba Watiri, kuna nini?" Nilikuwa nimeshapiga hatua kadhaa nikitembea tu, natembea, ndipo nikakumbuka kwamba hajaniita jina hilo tangu tuoane.

Mkebe sijui niliuacha wapi.

Ngatia alikuwa ndani ya bwawa na koti lake. Sweta jekundu la mtoto lilikuwa linaelea katikati, mikono imetandazwa. Ngatia mwenyewe alikuwa anazama na kuibuka, na kila akiibuka anakohoa na kuita jina, halafu anazama tena. Funda zima la maji lilimtoka puani.

"Yuko wapi?" nikapiga kelele. "Mtoto yuko wapi?"

"Huku chini! Nimegusa kitu. Nimegusa!"

Nilianguka kwa magoti pale ukingoni. Maji yalikuwa meusi kwa sababu ya ule mpira, huoni hata kiganja kimoja chini. Nilijua. Mwili wangu wote ulijua kwamba kile nilichokiona nikikoroga uji sasa kimefika. Nikaita na mimi, "Wachuka," na hakuna aliyeitika.

Ngatia alikuwa amechoka. Alitapatapa mpaka ukutani, akaweka viganja juu ya mpira, vikateleza. Akapiga kucha, zikateleza. Alitafuta pa kukanyaga, na pembe ile yenye hewa ikabonyea chini ya mguu wake ikamrudisha katikati. Nikalala kifudifudi nikamnyooshea mkono.

"Shika!"

"Usinitoe!" alinipigia kelele. "Yuko huku, Mama Watiri! Nikitoka nitampoteza!"

Na mimi, kwa kitambo kidogo, nilitaka abaki. Niliurudisha mkono. Nilitaka azame tena amlete mtoto, hata kama ni kwa gharama ya pumzi yake. Nilimwogopa yeye, nikaogopa maji, nikajiogopa na mimi mwenyewe. Alizama. Sweta lilizunguka polepole juu ya mahali alipozamia. Safari hii alichelewa kuibuka, na alipoibuka hakuwa anaita mtu. Macho yake yalikuwa wazi na hayakunitazama.

Panga la kukatia majani ya ng'ombe lilikuwa limeegemea zizi. Nililichukua nikakata kamba. Nilikata ya kwanza, ya pili, nikaendelea upande ule wote. Kila kamba ilipokatika ilipiga kelele kama mjeledi, na mpira ukarudi nyuma. Nilipofika katikati ukuta mzima ukalegea, ukateleza ukaingia majini, ukajikunja mikunjo mikubwa mbele ya kifua chake. Mikono yake ikaishika. Sidhani ni yeye aliyeamua kushika, ni mikono tu. Nikamkamata kola ya koti nikamng'ang'ania, namwita Kahiga kwa sauti ambayo baadaye Ngendo aliniambia hakudhani ni ya mtu.

Kahiga alikuja mbio na mkewe nyuma yake. Alimvuta Ngatia kwa ule mpira uliojikunja, akamlaza kwenye nyasi, na Ngatia, akitapika maji, alikuwa bado anatambaa kurudi bwawani. Ikabidi nimlalie. Mtu mzima na mkewe, tumelaliana kwenye matope mchana kweupe, mimi nalia, yeye ananiambia nimwachilie. Kahiga alijifunga kamba kiunoni, mwisho wake akaufunga kwenye nguzo ya zizi, akaingia. Akishika kamba, akizama na kuibuka, alipapasa kwa miguu pole pole kutoka pembe hii mpaka ile, na kila aliposimama mimi nilifumba macho.

"Hakuna kitu hapa," alisema. "Ni mpira tu."

"Rudia," Ngatia alisema.

Akarudia.

Ngendo alikuwa ameingia nyumbani kutafuta blanketi. Alitoka na mtoto mkononi. Alikuwa amemkuta chini ya kitanda chetu, nyuma kabisa, kwenye ukuta. Mtoto alikuwa na fulana tu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekwenda kufua sweta lake kama anavyoniona mimi nikifua, limemponyoka likaelea, naye akakimbia kujificha. Alitusikia tukiita. Alimsikia guka wake, akanisikia mimi. Hakuitika. Aliponiona pale kwenye matope akamshika Ngendo shingo kwa nguvu.

"Shosho, usinichape," alisema.

Nilitaka kumchukua na mikono yangu ikakataa kuinuka. Ngatia alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama sura ya mgeni langoni.

"Ni yeye?" aliniuliza.

"Ni yeye."

"Una hakika ni yeye?"

Kazi ya bwawa ilifanywa upya. Yakubu na Kahiga walilipunguza maji, wakachonga kuta zikalala, wakaacha ngazi upande wa zizi, wakautandika mpira ukajikunja ulivyotaka. Walizungushia ua wa nguzo na mbao ambao hata kuku hapiti. Walipomwita Ngatia aje aone hakutoka. Hakulitazama tena. Nilidhani ni aibu ya fundi, nikamwacha.

Haikuwa aibu. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye mwoga wa nyumba hiyo, na sasa uoga wangu ulionekana kama mchezo. Ngatia alikuwa anaketi mlangoni na kuuliza, "Wachuka yuko wapi?" Namjibu yuko hapa, anacheza na mahindi. Anageuka, anamtazama, anatulia. Kabla sijamaliza kuosha sufuria anauliza tena. Mtoto akienda nyuma ya nyumba, yeye anasimama. Akilala mchana anaenda kumweka mkono puani kuona kama anapumua, na mtoto anaamka akilia. Hakumtania tena. Ile habari ya bibi mpya iliisha.

Halafu siku moja nikawakuta wamefungana. Alikuwa amechukua kamba ya katani, ncha moja kwenye mkono wake, nyingine kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, wamekaa kwenye mkeka. Nilimwambia aifungue. Akasema ataifungua mtoto akishakula. Alipokula, akasema akishalala. Nilimwambia hivi sivyo mtu anavyofunga mtoto, hata mbuzi anaachiwa nafasi ya kugeuka. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Kesho yake kamba ilikuwa pale pale.

Watiri alikuja mwisho wa mwezi kama kawaida yake, na mkate na sukari. Nilikuwa nimepanga kutomwambia. Nilijua atamchukua mtoto, na mimi sikutaka. Ndiyo, mimi niliyepiga kelele tangu sululu ya kwanza, sasa nilitaka mtoto abaki, kwa sababu nilikuwa nimeshachungulia boma lile bila yeye na sikuweza kuishi ndani yake. Nilimpokea Watiri mzigo, nikamkaribisha chai, nikawa naongea mambo ya mvua.

Mtoto alinyanyuka kumkimbilia mamake, kamba ikamrudisha.

Watiri alipiga magoti kufungua lile fundo, likamshinda. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Ngatia alikuwa ananyoosha mkono wake ili amrahisishie. Mwishowe nilileta kisu cha jikoni nikakata mimi. Pale kwenye kifundo palibaki mstari mwekundu, na ngozi imechubuka kidogo.

"Baba," Watiri alisema. "Hii ni nini?"

Ngatia akamweleza yote. Sweta, bwawa, jinsi alivyogusa kitu chini na kumbe ni pembe ya mpira, jinsi mtoto alivyokuwa chini ya kitanda. Hakujitetea popote.

"Mpeleke," alimaliza. "Nikikaa naye nitamuumiza. Nimejaribu kulegeza, siwezi."

"Atakaa hapa," mimi nikasema. "Ua upo sasa. Baba Watiri, mwambie kwamba ua upo. Nitamwangalia mimi mwenyewe. Watiri, utamweka wapi? Utafua naye mgongoni?"

"Nitafua naye mgongoni," Watiri alisema.

Niliomba mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumwomba binti yangu kitu kwa namna ile, na sikuwahi tena. Walienda na basi la mchana. Ngatia alisimama langoni mpaka wakapotea kwenye kona, halafu akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda.

"Wachuka yuko wapi?" aliniuliza.

"Si ameenda Nanyuki na mamake. Umewasindikiza wewe mwenyewe."

"Umemwona akifika?"

Nikamwambia asinichoshe. Lakini swali lile lilinishika na mimi. Niliosha vyombo nikiwa nalo, nikakamua nikiwa nalo, na asubuhi nikampa Ngendo maziwa anipelekee, nikapanda basi mpaka Nanyuki. Nilimkuta mtoto nyuma ya ile hoteli, ameketi kwenye kapu la mashuka, anakula ndizi. Niliita jina akaitika. Nilimshika mikono, nikaitazama, nikamshika na miguu. Watiri alinitazama akaendelea kufua. Sikukaa sana, nikarudi.

Ngatia alikuwa amenisubiri barabarani. Nilimwambia nimemwona kwa macho yangu, mzima, anakula ndizi, ameitika.

"Ulimwona saa ngapi?" aliniuliza.

"Asubuhi."

"Sasa ni jioni," akasema.